Baridi Inakuja kwa Chini



Wapendwa vijana, wiki hii nimepata swali kutoka kwa dada mmoja anayesoma chuo mbali na kwao. Ameniruhusu nimjibu hapa bila kumtaja jina. Anasema: "Frateri, kwaya naimba, mikesha naenda, semina sikosi. Lakini ndani nasikia baridi tu. Nafikiria kuacha." Naamini hayuko peke yake.

Nimjibu kwa mfano wa kambi. Siku hizi wapo vijana wanaopenda kulala milimani kwenye bembea, kile kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili. Sasa jaribu kulala hivyo Njombe au Makete mwezi wa 7, ambako asubuhi nyingine umande unaganda juu ya majani. Unajifunika blanketi la kwanza, la pili, la tatu, na bado unatetemeka. Kwa nini? Kwa sababu baridi inakuja kwa chini. Upepo unapita chini ya bembea na kuchukua joto la mgongo wako. Hata ukiwa na mfuko mzito wa kulalia, ile sehemu unayoilalia imebanwa na uzito wako. Hewa iliyotulia ndani yake, ambayo ndiyo inayozuia joto lisitoroke, imeshatoka. Ndiyo maana wazoefu wananing'iniza blanketi nene kwa nje, chini ya bembea, likaribie mgongo bila kubanwa. Halafu wanashusha turubai upande ule upepo unakotoka.

Dada yangu, kwaya, mikesha na semina ni mablanketi mazuri, lakini ni ya juu. Hebu tuangalie chini. Mara ya mwisho umelala usingizi wa kutosha lini? Kuna mtu hujamsamehe? Umeungama lini? Yupo hata mtu mmoja hapo chuoni anayejua kwamba unasikia baridi? Na sala yako binafsi, ile isiyo na kipaza sauti, ina nafasi au imebanwa kati ya simu na uchovu? Sala iliyobanwa ipo, ndiyo, ila haitunzi joto.

Soma Waraka wa Pili kwa Timotheo. Mwanzoni (1:6) Paulo anamhimiza Timotheo aichochee karama ya Mungu iliyo ndani yake. Mwishoni (4:13, 21) Paulo huyohuyo, akiwa mfungwa, anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na anamsihi Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Yaani mtu aliyejaa moto wa Roho hakuona aibu kuomba nguo nzito na rafiki! Katika falsafa tulimsoma Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anayetufundisha kwamba neema haiyafuti maumbile yetu, inayakamilisha. Kwa hiyo kula vizuri, kulala na kuwa na rafiki wa kweli si udhaifu wa imani.

Jambo lingine: blanketi halitengenezi joto. Linatunza lile ambalo tayari limo mwilini. Vivyo hivyo moto wako uliwashwa na Mungu katika ubatizo, siyo na juhudi zako. Kusikia baridi hakumaanishi kwamba umezimika. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007 zinaonyesha kwamba aliishi miaka mingi ya giza rohoni, na bado kila siku aliwahudumia maskini. Leo ni mtakatifu.

Lakini jihadhari na joto la haraka. Ukizidiwa na baridi, kamwe usiingize jiko la mkaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa. Sumu yake haina harufu, na watu wamelala wasiamke. Rohoni pia kuna joto linaloua: mahusiano ya kupoteza upweke, pombe ya kupoteza mawazo. Petro aliota moto uani kwa kuhani mkuu, na palepale motoni akamkana Bwana (Yn 18:25). Ila angalia Yohana 21:9. Yesu mfufuka anawasha moto mwingine wa makaa ufukweni, anaweka samaki na mkate. Anamlisha Petro kwanza, ndipo anamwuliza kama anampenda.

Kwa hiyo dada, kabla hujaacha, nenda kwenye moto ule. Wiki hii tafuta padre uungame, na kila siku kaa dakika 10 mbele ya Ekaristi bila simu. Usilazimishe kusikia chochote. Kaa tu. Na mwambie mtu mmoja ukweli wako.

Na sisi wengine, Jumapili hii tumwangalie vizuri jirani yetu pale kwaya. Anayeimba kwa sauti kubwa kuliko wote huenda ndiye anayeganda. Tumwulize anaendeleaje, na tusubiri jibu.

Nakuombea, dada. Niombee na mimi.