Tangi la Kioo na Haki ya Samaki: Wangapi Wanatosha?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, matangi ya samaki wa mapambo yameingia majumbani, madukani na hata katika vyumba vya wanafunzi. Swali linaloulizwa kila siku ni hili: tangi langu linachukua samaki wangapi? Wengi hulichukua kuwa swali la fundi. Mimi naona ni swali la haki kwanza, na anayelijibu kwa kufurahisha macho yake anaweza kudhulumu bila kuinua fimbo.

Kufuga kunajuzu, lakini kwa sharti

Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa na kindege akicheza nacho. Kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimliwaza kwa upole, wala hakumkemea kwa kukiweka. Wanazuoni, akiwemo Ibn Hajar al-Asqalani, walitoa humo ruhusa ya kumfuga ndege tunduni, maadamu hateswi. Samaki tunamkisia hapo.

Upande wa pili iko hadithi maarufu ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tuangalie vizuri sababu yake: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Kosa halikuwa mlango peke yake. Kosa lilikuwa kumkatia kiumbe njia yake ya riziki, kisha yeye mwenyewe asisimame mahali pa njia ile.

Sasa linganisha. Paka yule alinyimwa chakula, lakini hewa alikuwa nayo. Samaki wa tangini hata pumzi yake iko mikononi mwetu. Tunamchagulia maji, joto, jirani, na uchafu wake unabaki palepale anapopumulia. Mamlaka yetu juu yake ni makubwa zaidi, basi na hesabu yetu ni nzito zaidi.

Maji yanabeba kiasi gani?

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake na kinyesi chake, nayo ni sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye chujio na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha. Kwa hiyo anayenunua tangi asubuhi na kulijaza samaki jioni amewaweka katika choo kisichotiririka.

Iko kanuni maarufu: inchi moja ya samaki kwa galoni moja ya maji, yaani sentimita 2.5 kwa karibu lita 4. Tuijaribu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ni lita 54. Ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu, tuseme zinabaki 45. Kanuni inatupa karibu sentimita 30 za samaki. Hizo ni samaki kumi wa sentimita 3, au wawili wa sentimita 15. Lakini samaki mwenye umbo lilelile akiongezeka urefu mara tano, uzito wake huongezeka mara 125. Wawili wale wana uzito wa wadogo 250! Kanuni moja, mizigo miwili iliyo mbali kama mbingu na ardhi.

Tena samaki wa dhahabu anayeuzwa akiwa na sentimita 4 anaweza kupita 20 akilelewa vizuri. Wasemao kwamba samaki hukua kulingana na tangi wanaiita dumavu kuwa maumbile. Hesabu ifanywe kwa urefu wa ukubwani.

La mwisho ni hewa. Oksijeni huingia kwenye uso wa maji, ndiyo maana chupa ya mviringo yenye mdomo mwembamba haifai hata kama imejaa maji. Na maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye usawa wa bahari, lita moja ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi, na ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Sisi tunajua umeme wetu. Ukikatika usiku, pampu inasimama, chujio linasimama, na samaki wanaendelea kupumua. Idadi ya haki ni ile itakayosalimika katika saa mbaya kuliko zote.

Je, wachache ndio salama daima?

Hapana. Ziwa Tanganyika lina samaki aitwaye Tropheus duboisi, mdogo wake ni mweusi mwenye madoa meupe, anayependwa na wafugaji wa nchi za mbali. Ukiweka watatu, mbabe huwapiga wenzake hadi kufa. Wafugaji wazoefu huweka kundi la kumi na mbili au zaidi katika tangi la mamia ya lita, ili ubabe usimwangukie mmoja. Asiye na tangi la namna hiyo, idadi yake ya haki kwa samaki huyo ni sifuri.

Imam Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu: wahudumiwe hata wakizeeka na kukosa faida, wasibebeshwe wasichokiweza, watengenezewe mahali pazuri, wala wasichanganywe na wanaowadhuru, wawe wa jinsi yao au nyingine. Hakuliona tangi la kioo, lakini amelijibu swali letu.

"Mbona tunawala?"

Ndugu mmoja atasema: samaki tunamkaanga, leo tumhesabie pumzi? Ndiyo. Sharia iliyoturuhusu kuchinja ndiyo iliyoamrisha ihsani katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ruhusa ya kula si ruhusa ya kutesa kwa miezi kwa ajili ya pambo.

Mwingine atasema: "Mbona hawajafa?" Sote tunakijua chumba cha watu wawili kinacholala sita. Nao hawafi. Lakini nani atasema kinawatosha?

Wala aliyezidiwa asikimbilie kuwamwaga mtoni. Sangara aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 aliangamiza aina nyingi za furu. Afadhali kumpa mwenzako mwenye uwezo.

Hivyo basi, kabla ya kununua tujiulize: akikua atafika wapi? Ataishi na nani? Umeme ukikatika itakuwaje? Na nikisafiri likizo nani atamhudumia? Jibu likikosekana kwa samaki wa tano, basi wanne wanatosha. Allah (S.W.) ameweka mizani na akatukataza kuipunja, na kiumbe kisicho na sauti ndicho kinachotujaribu zaidi, kwa kuwa hakitatushitaki hapa duniani.

Wallahu a'lam.