Wingi wa Mashahidi

Swali la nani ni ndugu wa nani, ambalo makadhi wa pwani wamelikata karne nyingi katika kesi za mirathi kwa kusikiliza mashahidi, limewasumbua vilevile wataalamu wa wadudu, na wao pengine zaidi, kwa kuwa mbawakawa, ambao aina zao zilizokwisha kupewa majina zinakaribia 400,000, hawana mzee wa kuhojiwa wala hati ya kusomwa, ila viwiliwili vyao na herufi za urithi zilizomo katika chembe za miili yao.

Kesi inayonivutia kuliko zote ni ya wadudu waitwao Strepsiptera, waishio ndani ya miili ya nyuki na nyigu. Jike, katika jamaa zao nyingi, hana bawa, wala mguu, wala jicho, na hamwachi mwenyeji wake maisha. Dume huruka, lakini kwa mabawa ya nyuma tu, kwani ya mbele yamesinyaa yakawa virungu vidogo. Mbawakawa nao huruka kwa mabawa ya nyuma, ya mbele yakiwa magumu kama ngao, na kwa dalili hiyo pamoja na nyinginezo Roy Crowson wa Glasgow aliwaingiza Strepsiptera katika jamii ya mbawakawa. Lakini katika miaka ya 1990 zilisomwa herufi za jeni ya ribosomu, nazo zikashuhudia kwamba ndugu zao ni nzi, na watu wengi wakasadiki, maana nani atamtuhumu shahidi asiye na ulimi?

Wanavyuoni wa hadithi wangalisita. Kwao habari mutawatiri, yaani iliyopokewa na watu wengi, huleta yakini si kwa wingi wa wapokezi peke yake, bali kwa kuwa ni muhali wapokezi hao kuafikiana katika uongo. Herufi za jeni moja ni nyingi, lakini mpokezi ni mmoja. Tena herufi zenyewe ni za namna nne tu, hata koo mbili ambazo urithi wao hubadilika upesi huangukia herufi zilezile kwa sadfa, na mwenye kuhesabu mifanano huidhania sadfa hiyo kuwa udugu. Mwanabiolojia Joseph Felsenstein alikwisha kuonyesha kwa hesabu, mwaka 1978, jambo ambalo mimi naliona la kutisha: katika hali kama hiyo, kila ushahidi wa namna ileile unapozidi, hakimu huzidi kuwa na yakini katika kosa lake.

Mwaka 2012 urithi wa aina moja ya Strepsiptera kutoka Tunisia ulisomwa, jeni kwa maelfu zikapimwa, na hukumu ikageuka: ndugu zao ni mbawakawa. Wapo wasemao kwamba umbo limeishinda jeni, lakini sikubali. Bawa nalo, likisimama peke yake, ni mpokezi mmoja. Kinachonituliza ni kwamba sababu zilizolifinyanga bawa sizo zilizozikimbiza herufi za ribosomu, na kwa hiyo mashahidi hawa hawana njia ya kula njama.

Hata Crowson hakushinda kesi nzima, kwani Strepsiptera ni ndugu wa mbawakawa, wala si watoto wa nyumba yao. Aliyewatenga wawe tabaka lao wenyewe, na kuwapa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 19, ni William Kirby, padre wa kijiji cha Barham huko Uingereza, ambaye kwake hapakuwa na nasaba ya kutafutwa, kwa kuwa aliitakidi kila aina imeumbwa peke yake. Na katika tabaka hilo ndimo walimo hata leo.