Mafuta ya Serikali: Ni Israfu au ni Ghulul?

Kila bei ya mafuta inapopanda au umeme unapoadimika, ofisi za umma hupewa agizo lile lile: zibane matumizi. Mwezi Mei 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, Serikali ilitangaza bungeni kuwa itajibana ili itoe ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwenye mafuta. Mwezi uliofuata, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Mwigulu Nchemba, alieleza kuwa kununua magari ya Serikali, kuyatengeneza na kuyatia mafuta kunakula zaidi ya shilingi bilioni 500 kwa mwaka. Kabla ya hapo, Machi 2017, Rais Magufuli akiwa Mtwara aliitaka TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, taasisi za Serikali zikiwemo.

Ni hatua njema. Lakini ndugu msomaji, maagizo yote haya yanazungumzia uchumi tu, kana kwamba kosa la mtumishi ni kukosa ubanifu. Muislamu anapaswa kwanza kuuliza mali hiyo ni ya nani.

Mtu akiacha taa zinawaka mchana kutwa nyumbani kwake, amefanya israfu, na Allah (S.W) amekataza israfu (Qur'an 7:31). Ni dhambi, ila LUKU kanunua kwa fedha yake, na akitubia anamalizana na Mola wake. Anayeacha kiyoyozi cha ofisi kinaunguruma tangu Ijumaa hadi Jumatatu amefanya uzembe juu ya amana ya watu. Na anayechukua gari la ofisi kwenda harusini amevuka hata hapo. Huyo amejichukulia mali ya umma kwa siri, na jina la kitendo hicho ni ghulul, ambayo Qur'an (3:161) inasema mwenye kuifanya atakuja nayo Siku ya Kiyama.

Huku kwetu Hasamba, wilayani Mbozi, baridi ya nyanda za juu haitaki kiyoyozi. Mtihani wetu ni gari. Tangu Mkoa wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 na makao yake kuwa Vwawa, magari ya Serikali yameongezeka, na hilo lenyewe si baya. Afisa anayekwenda vijijini wakati wa masika hawezi kwenda kwa baiskeli. Tena Uislamu haukumtaka mtumishi wa umma aishi kwa dhiki. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w) alimruhusu mtumishi asiye na mke, mhudumu wala makazi ajipatie hivyo. Kinachozidi hapo ndicho alichokikemea.

Utetezi ninaousikia sana ni wa hesabu. Lita tano za dizeli ukizigawa kwa Watanzania milioni 61 waliohesabiwa mwaka 2022, kila mmoja amedhulumiwa nini? Hakuna hata tone. Nani atalalamika? Hoja hii ina nguvu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ni kweli hakuna anayeumia kwa namna ya kuonekana. Lakini tazama kisa cha Mid'am, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwa akimhudumia Mtume (s.a.w), akauawa kwa mshale wakati wa kurudi kutoka Khaybar. Watu wakampongeza kwa Pepo. Mtume (s.a.w) akakataa, akasema kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa inamuwakia moto. Jeshi la Khaybar lilikuwa na watu zaidi ya elfu moja. Shuka moja ukiigawa kwa hao, kila mmoja anapata nyuzi chache! Waliposikia hivyo, mtu mmoja akaleta kamba ya kiatu, naye akaambiwa kuwa ni kamba ya moto.

Ndiyo maana nina wasiwasi na jinsi tunavyokitumia mimbarini kisa cha Umar bin Abdul-Aziz, aliyezima taa ya umma alipoanza mazungumzo yake binafsi. Tunakisimulia kama uchamungu wa watu wa zamani, waumini wanasema Subhaanallah, kisha wanaondoka wakiamini kuwa ni daraja ya mawalii. Kisa cha Mid'am kinaonyesha kuwa ni wajibu wa kila mtu.

Dereva mmoja wa ofisi ya umma, anayehudhuria darsa letu, aliniuliza: "Ustaadh, bosi ananituma nipeleke watoto wake shule kwa gari la kazi. Nikikataa nitapoteza kazi. Dhambi ni yangu?" Sikuwa na jibu la wepesi. Hakuna utii katika kumuasi Allah, lakini huyu ana familia, na mzigo wa anayeamrisha haulingani na wa anayeamrishwa chini ya vitisho. Nilichomwambia ni kwamba lipo moja ambalo hana udhuru nalo, nalo ni kuandika uongo katika daftari la safari za gari. Safari ya shule aiandike safari ya shule.

Akauliza tena: na bosi akitaka kutubia, atamuomba msamaha nani, watu milioni 61? Nikamjibu kuwa hatawapata wote. Haki ya umma hurudishwa kwenye hazina ya umma, kwa hiyo na akalipe thamani ya mafuta aliyoyatumia, apewe stakabadhi ya Serikali.