Mafua Yetu, Hatari ya Nani?

Wapendwa, baridi imeingia. Madirisha yamefungwa, na hewa anayoitoa mmoja wetu huvutwa na wote. Ndiyo maana homa ya mafua, Uviko na virusi vya RSV huenea zaidi majira haya.

Tumezoea kusema, "Ni mafua tu, nitakuja ibadani." Lakini hatari hiyo tunaipima kwa kifua cha nani? Kijana mwenye afya kwa kawaida atakohoa siku chache, apone. Mtoto mchanga, bibi mwenye kisukari, au ndugu mwenye ulemavu ambaye misuli yake haina nguvu ya kukohoa, anaweza kulazwa hospitali.

Wengine husema, "Aliye dhaifu abaki nyumbani." Hiyo si haki. Yeye angejifungia tangu Novemba hadi Machi. Sisi tunaombwa siku chache tu, tunapougua.

Na kwa kuwa homa ya mafua huweza kuambukiza siku moja kabla ya dalili, tuchanjwe, tufungue dirisha kidogo, wala tusimshangae anayevaa barakoa. Anayeumwa asione haya kukosa ibada. Tutampigia simu, na uji tutampelekea mlangoni.