Ukifeli, Nani Analipa?
Walimu wa ubunifu hupenda kutuambia: thubutu, feli, jaribu tena. Sawa. Lakini ukifeli na pesa ambazo mama alikopa kwa chama, utajaribu tena na nini?

Kamau Gachigi, mwanasayansi aliyekuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Nairobi, alianzisha Gearbox, karakana ambapo wabunifu hutumia kwa pamoja mashine ambazo wengi wao hawawezi kununua. Hapo wazo likikataa, umepoteza muda na vipande vya plastiki, si shamba la babu. Kodi ya nyumba bado haingoji, lakini kesho unaweza kurudi.

Ndiyo maana nadhani kufundisha ubunifu ni deni. Anayekuambia uruke, akuandalie pia pa kuangukia.