Je, kuomba pensheni ya ulemavu ni kukosa imani?





Ndugu mmoja wa kanisa letu aliendesha kamioni ya kampuni moja kwa miaka kumi na tisa. Siku moja damu ilipanda, akaanguka. Tangu siku ile mkono na mguu wa kuume havina nguvu. Mwenzake wa kazi alimwambia: « Baba, fanya dosie, uombe pensheni. Ni haki yako. » Alikataa. Tulipokwenda kumtembelea, alitueleza sababu: « Baba Mchungaji, mmeniombea, mmeniwekea mikono. Nikienda kuandika mbele ya Leta kwamba siwezi tena kazi, si nitakuwa nimeukataa kwa mkono uponyaji niliouomba kwa kinywa? »

Wakati ule mama wa nyumba yake alikuwa akiuza makala kando ya barabara, na mtoto wa sekondari alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali. Swali la ndugu huyu si dogo. Tulifikiri juu yake siku nyingi, na leo tunawaletea jibu letu.

1. Kusema ukweli wa mwili si kukana imani

Kumbukeni kipofu Bartimayo. Bwana alimwona kuwa ni kipofu, lakini alimuuliza anataka nini. Ilimpasa kutaja upungufu wake mbele ya watu wote. Je, aliposema hivyo alikosa imani? Sivyo. Imani yake ilianzia pale pale, kwa kusema ukweli.

Wakumbukeni pia wale wakoma kumi. Yesu aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, kwa sababu katika torati kuhani ndiye aliyetazama mwili na kutangaza kama mtu ni mgonjwa au amepona. Bwana hakuudharau utaratibu ule. Basi, daktari anayeandika leo kwamba mkono huu hauna nguvu hamfungi Mungu. Anaandika hali ya leo. Ya kesho yako mikononi mwa Mungu.

Anayesema « mimi ni mzima » huku hawezi kushika kijiko hajaonyesha imani. Ameongeza uongo juu ya ugonjwa.

2. Si sadaka, ni haki

Wengine wanasema: « Sitaki kuwa mwombaji. » Hawa wasome habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alipokuwa na miaka 5 mlezi wake alikimbia naye, akamwangusha, akawa kilema wa miguu yote miwili. Mfalme Daudi alipomwita, alijishusha mpaka akajifananisha na mbwa aliyekufa. Lakini Daudi hakumtupia makombo. Alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli, akamketisha mezani pake siku zote, kwa sababu ya agano alilofanya na Yonathani. Mashamba yale yalikuwa mali ya nyumba yake, na meza ile ilikuwa deni la agano.

Pensheni nayo ina agano lake. Katika nchi yetu INSS iliundwa mwaka 1961, na leo inaitwa CNSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayopanga kazi yake. Kila mwezi mfanyakazi aliyeandikishwa hukatwa 5 kwa mia ya mshahara kwa ajili ya pensheni, na mwajiri huongeza 5 kwa mia. Kwa aliyeumizwa kazini, au aliyepata ugonjwa kwa sababu ya kazi, kama vumbi la mgodi linaloharibu mapafu, kuna fungu lingine la hatari za kazi, ambalo mwajiri peke yake hulilipia. Watumishi wa Leta wana sanduku lao, CNSSAP. Basi ndugu yetu wa kamioni akiomba, anaomba matunda ya shamba alilolima miaka kumi na tisa. Kuona haya kwa jambo hilo ni kuonea haya jasho lako mwenyewe.

3. Thamani ya mtu haitoki katika mshahara

Hapa tuguse kidonda chenyewe. Baba wengi hawaogopi karatasi. Wanaogopa neno lililoandikwa juu yake. Wamezoea kuleta unga wa bukari nyumbani, na sasa wanajiuliza: mimi ni nani kama silishi tena watoto wangu?

Mtume Paulo aliwakemea wale wasiotaka kufanya kazi. Lakini asiyetaka si sawa na asiyeweza. Tukiwachanganya hao wawili, tunawafanyia walemavu lile ambalo rafiki za Ayubu walimfanyia: kumtafutia dhambi mtu aliyekwisha kuumia. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Nani atasema Paulo hakuwa na imani?

Na sisi wahubiri tukiri kosa letu. Mara nyingi tulimwambia mgonjwa asiyepona kwamba imani yake ni ndogo. Tulimtwika mzigo wa pili, kisha tukaenda kula nyumbani kwetu. Ndugu yule hakujitungia hofu yake. Aliisikia madhabahuni petu.

4. Onyo kwa wadanganyifu

Lakini tusikilizane vizuri. Yuko mtu mzima mwenye nguvu anayenunua karatasi ya daktari ili ale bure. Huyo anachukua mkate wa mjane na wa yatima. Tena anawafanya wakubwa wa biro wamshuku kilema wa kweli. Na Mungu akikuponya, fanya kama yule mkoma mmoja aliyerudi kushukuru: rudi pia kwa wale waliokuandika mgonjwa, uwaambie umepona. Huo utakuwa ushuhuda mkubwa kuliko makelele.

5. Na yule asiye na namba?

Mama wa soko, mkulima, kijana anayechimba kwa mikono yake, wengi wao hawakuandikishwa popote. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na walemavu wana haki ya kulindwa kwa njia ya pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imeeleza haki za walemavu kwa urefu. Lakini mpaka leo hakuna fedha ya kila mwezi inayomfikia kila mlemavu. Hapo agano ni letu sisi. Kanisa la kwanza liliwachagua watu saba ili wajane wasisahauliwe katika ugawaji wa kila siku. Kanisa linaloombea mguu na kusahau sufuria limefanya nusu ya kazi.

Basi tunawashauri hivi. Mwenye namba ya CNSS akusanye karatasi za kazi na za hospitali mapema, aulize masharti ya dosie yake, asichoke. Mjane wa injili alirudi kwa kadhi mara nyingi, wala hakuhesabiwa kuwa msumbufu mbele ya Mungu. Mashemasi wamsindikize asiyeweza kupanda ngazi za biro. Na maombi yaendelee.

Ndugu yetu alitia sahihi yake kwa mkono wa kushoto. Jumapili iliyofuata alikuja mbele kuombewa, kama kawaida yake. Hakuna aliyemuuliza kama anaamini.

Mungu awabariki. Amina.