Watazamaji wa Kununuliwa

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay, sauti yake itiwe katika sahani za santuri. Watu wa pwani walizinunua wakasikiliza, na wengi wao uso wake hawakuuona kamwe. Siku hizi uso hutangulia sauti. Kwaya zetu za Lindi na Kilwa nazo huimba mbele ya kamera, penye minazi na bahari, kisha wimbo hutiwa katika YouTube. Jambo hili silikatazi.

Lakini wako watu wauzao hesabu ya watazamaji. Ukiwalipa, hesabu huongezeka, wala hapana jicho lililotazama. Waimbaji wa kwaya moja waliniuliza kama fedha ya mfuko wao yaweza kutumika hivyo, maana, walisema, wimbo usio na watazamaji hapana autazamaye. Neno lao si la kipumbavu. Ndivyo wanadamu tulivyo. Nikawauliza Amri ya Nane. Wakaisema pamoja na maelezo ya Luther, kama walivyofundishwa kabla ya kipaimara. Basi, nikasema, hesabu ile yamshuhudia nini jirani yako? Yasema elfu wamesikia, kumbe hapana hata mmoja. Na wimbo wenyewe wamsifu Mungu wa kweli! Wakanyamaza. Mtunza fedha akafunga daftari lake.

Wimbo ule umetazamwa mara 41. Nyingi katika hizo ni za bibi mmoja mgonjwa, ambaye mjukuu wake humshikia simu.